Paa la Pijo: Gari la Fahari katika Karakana ya Gakoromone

Jina la Gakoromone likitajwa mbele ya mkazi wa Meru, kinachomjia akilini kwanza si magari. Humjia mikungu ya ndizi, magunia ya viazi na maharagwe, marundo ya mitumba, na sauti za wachuuzi zinazopanda kadiri jua linavyopanda. Hata hivyo, pembezoni mwa soko lolote kubwa nchini Kenya huwa kuna soko jingine lisilouza chakula. Huko husikika nyundo juu ya bati, huonekana cheche za kuchomelea, na harufu ya petroli na rangi hutanda hewani. Mafundi wa jua kali wa upande huo hawana mabango makubwa. Mteja huwafahamu kwa majina ya utani na kwa kazi walizoziacha barabarani.

Katika mazingira kama hayo, kutaja gari la kifahari la zamani lisilo na paa, lililoundwa upya kwa mkono na kutiwa mitambo ya kisasa, huenda kukawafanya wengi watabasamu. Gari la namna hiyo aghalabu Mkenya huliona kwenye filamu, au harusini likiwa limekodishwa kwa siku moja. Kwa mbali kidogo hulikumbuka katika sherehe za taifa, rais akiwa amesimama ndani ya gari la kijeshi lililo wazi akiwapungia mkono wananchi. Katika nchi zilizoendelea, kuyafufua magari makuukuu kwa mitambo mipya kumekuwa biashara ya matajiri. Kampuni ya Singer, iliyoanzishwa California mwaka wa 2009, huyavua magari ya Porsche 911 hadi kwenye mifupa na kuyajenga upya kwa bei inayozidi mno ile ya gari jipya. Hapa kwetu, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2017, na ambayo tangu 2022 huitwa Roam, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli katika magari ya watalii na kuweka mota za umeme.

Lakini fundi wa Gakoromone hakusubiri California wala Nairobi. Kwake yeye kulitia gari kuukuu mtambo mpya hakukuwa anasa hata siku moja. Ilikuwa njia pekee ya kulirudisha barabarani.

Pana sababu ya kisheria pia, nayo haifai kupuuzwa. Kigezo cha KS 1515:2000 cha Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini hakiruhusu, kwa kawaida, kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, wala gari ambalo usukani wake uko kushoto. Matokeo yake ni kwamba mapenzi ya Mkenya kwa gari la kale hayana budi kuelekezwa kwa yale yaliyokwisha kuwamo nchini. Kila moja linaloliwa na kutu nyuma ya nyumba ya mtu ni moja lililopungua katika hesabu isiyoongezeka. Wahenga walinena kuwa ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, ila hawakusema kamba ifanywe nini inapoanza kukatika.

Miongoni mwa kamba hizo, iliyopendwa zaidi katika nyanda hizi ni Peugeot 504, au Pijo kama walivyozoea kuliita watu. Jina lilitangulia gari lenyewe. Mtangulizi wake, Peugeot 404, alishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963, kisha akashinda mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Lile la 504 lilizinduliwa Ufaransa mwaka huo huo wa 1968, likatangazwa gari bora la mwaka barani Ulaya mwaka wa 1969, kisha likaja kujitwalia Safari mwaka wa 1975 na tena 1978. Watoto wa enzi hizo walijifunza kulitambua kwa taa zake za mbele zilizokatwa kama macho ya mtu aliyekonyeza, na kwa mkia wake ulioinama ghafla kama bega lililochoka. Lilikuwa gari la mkaguzi wa shule, la daktari, la chifu na la mfanyabiashara wa kahawa. Ndugu yake mwenye safu tatu za viti alisafirisha abiria baina ya miji, naye ndugu yake wa pikapu alibeba kila kitu ambacho Mungu ameumba. Ulaya waliacha kuliunda gari lile la milango 4 mwaka wa 1983, ilhali hapa Kenya kazi ya kuunganisha 504 haikukoma hadi 2004.

Wengi hawajui kwamba mhenzirani huyo alikuwa na dada wa kifahari. Machi 1969, katika maonyesho ya Geneva, Peugeot walionyesha 504 ya milango 2 isiyo na paa la chuma, iliyochorwa na kuundwa bodi yake na Pininfarina wa Turin, Italia, yaani karakana ile ile iliyochora umbo la gari la kawaida. Ndani yake mlikuwa na injini ya ukoo ule ule, na kuanzia 1974 lilipewa kwa miaka michache injini ya silinda 6. Paa lake lilikuwa la turubai, na lilikunjwa likapotea kabisa nyuma ya viti. Usukani wake ulitoka kiwandani ukiwa kushoto. Kwa mtu wa Meru gari hilo lilikuwa picha tu.

Picha hiyo ndiyo iliyomkaa kichwani mwalimu mmoja mstaafu. Aliiona katika jarida kuukuu alipokuwa akisomea ualimu, akaikata kwa wembe na kuihifadhi ndani ya kitabu cha hesabu. Miaka ilipita. Alinunua Pijo la kawaida la milango 4, likiwa tayari limepita mikononi mwa watu wawili, akaliendesha kwa zaidi ya miaka 20. Liliwapeleka watoto wake shuleni. Lilibeba mbolea, maiti za majirani na maharusi. Baadaye lilimbeba mkewe kwenda hospitali, safari ambayo kwa miezi kadhaa ilifanywa kila juma, hadi siku ambayo liliondoka na watu wawili na kurudi na mmoja. Baada ya hapo Mwalimu aliliegesha chini ya mwembe na hakuligusa kwa miaka mitatu.

Alipopata kiinua mgongo chake, aliitoa ile picha kitabuni akaenda nayo Gakoromone.

Fundi aliyemwendea alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu wa makamo sasa, aliyejulikana kwa kuzipa Land Rover kuukuu injini za dizeli za Toyota. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akafuta mikono, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hili haliwezekani."

"Mbona Land Rover wazivua mapaa kila siku?"

"Land Rover ina chesi, Mwalimu. Pijo halina."

Kwa asiyeijua kazi hii, jibu hilo ni fumbo, kwa hivyo yafaa lifumbuliwe. Land Rover ya kale ilijengwa juu ya fremu nzito ya chuma yenye umbo la ngazi. Injini, ekseli na springi zote hushikiliwa na ngazi hiyo. Bodi ya aluminiamu iliyo juu yake ni kama koti tu. Ukitaka utaivua, na gari litaendelea kutembea likiwa uchi bila kuona haya. Hata ilipozinduliwa Amsterdam mwaka wa 1948, Land Rover ilikuwa na turubai mahali pa paa. Hali ya Pijo la milango 4 ni tofauti kabisa. Halina ngazi chini yake. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja, na kila kipande hubeba sehemu yake ya mzigo. Ukiondoa paa umeondoa kiungo cha mwili. Gari litaanza kupinda katikati, milango itakataa kufungika, na kioo cha mbele kitapasuka siku ya kwanza gurudumu litakapoangukia shimo. Waitalia walilijua hilo, ndiyo maana bodi ya gari lao la wazi ilikuwa fupi kuliko ya kawaida, na iliundwa tangu mwanzo ikikusudiwa kukaa bila paa.

Fundi hakuyaeleza hayo kwa maneno. Alichukua boksi tupu la kadibodi, akalifunga vizuri, akalishika kwa pembe mbili na kujaribu kulisokota. Boksi halikusokoteka. Kisha akakata upande wote wa juu kwa kisu, akalisokota tena. Mara hii lilijikunja kama mkeka. Mafundi wachanga waliokuwa wakitazama walicheka, nao walicheka zaidi walipokumbuka ni nani aliyekuwa akifundishwa.

Mwalimu hakucheka. Aliomba boksi jingine. Akachora mstatili juu ya upande wa juu, akiacha ukingo wa upana wa vidole vinne pande zote, akaukata mstatili huo peke yake, kisha akampa fundi. Fundi akasokota. Boksi lilitikisika kidogo, likakataa kujikunja.

Walitazamana kwa muda.

Yafaa kusimama hapa kidogo na kuliangalia jambo linalowahusu wasomaji wa jarida hili. Katika mabishano yale yote, hakuna aliyekuwa na neno moja la Kiswahili la kuliita gari lililotakiwa. Fundi alisema "gari wazi". Vijana wake walisema "lile la kukunja". Mwalimu alisema "gari la paa laini", kisha akajisahihisha mara mbili. Lakini walipofika kwenye viungo vyenyewe, yaani chesi, difu, klachi, gia boksi, kabureta na springi, lugha yao haikukwama hata kidogo. Upatanisho wa kisarufi ulikwenda kama maji mteremkoni. Wanafunzi wa istilahi hukaa kumbini wakijadili iwapo neno la kukopa lilivunje kanuni au litii. Huku karakanani neno huletwa kama kipuri, hupigwa nyundo hadi likakaa, na likigoma hutupwa. Ni vigumu kusema kuwa kumbi zimelifanya jambo hilo vizuri zaidi.

Mpango mpya ulikuwa huu. Nguzo zote za Pijo zingebaki mahali pake. Mihimili miwili ya pembeni, ile inayopita juu ya milango kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, isingeguswa. Bati la katikati peke yake lingekatwa, na mahali pake pangewekwa turubai la kukunjwa kuelekea nyuma. Lisingekuwa gari la Turin. Lakini mtu aliyeketi ndani angeona mbingu, na milango ingeendelea kufungika.

Upinzani mkali haukutoka karakanani. Ulitoka nyumbani, kwa bintiye Mwalimu, muuguzi, aliyefika mwishoni mwa juma akakuta mwembe hauna kitu chini yake. "Baba," alisema, "kiinua mgongo si cha kuchezea. Na kama ni kuchezea, si kwa gari lile." Alikuwa na hoja mbili, na haifai kuzichanganya. Ya kwanza ilikuwa ya fedha, na ilikuwa ya haki: nyumba ilihitaji tangi la maji, na kiinua mgongo hakirudi mara ya pili. Ya pili hakuitamka kwa siku kadhaa. Alipoitamka alisema kwa ufupi kwamba paa lile ndilo alilokuwa akilitazama mama yake akiwa amelazwa kiti cha nyuma, na kwamba hataki kuona mtu akilikata kwa msumeno.

Mwalimu alimjibu kuwa hilo hasa ndilo lililomfanya atake kulikata. Mama yake alilala chini ya bati lile miezi minane, na kila safari aliuliza kama mlima unaonekana. Kutoka pale alipolala haukuonekana.

Bintiye hakukubali. Hata hivyo, hakulitaja tena suala la tangi.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kama zilivyo kazi zote za namna hiyo. Kabla ya kukata chochote, fundi alichomelea vyuma vya mshazari ndani ya gari, mlango kwa mlango, ili bodi isihame hata unywele mmoja. Kisha akafunua vizingiti vya chini ya milango, na hapo ndipo ilipodhihirika kuwa safari yote hii ingeishia pabaya bila ya mtu kujua. Kutu ilikuwa imevila kutoka ndani. Kwa nje palionekana rangi tu. Ndani palikuwa na unga mwekundu. La kuvunda halina ubani, na fundi hakujaribu kulifukizia. Alikata vizingiti vyote viwili akaunda vipya kwa bati nene zaidi, akatia ndani yake bomba la chuma la pembe nne kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu hiyo ya kazi, ambayo hakuna mpita njia atakayeiona, ilimeza fedha nyingi kuliko paa.

Kuhusu mitambo, matarajio ya vijana wa karakana yalikuwa kwamba Pijo nalo lingetiwa injini ya Toyota. Fundi alikataa, na sababu yake ilikuwa ya kifundi. Katika Land Rover, mti unaozungusha ekseli ya nyuma uko wazi, hufupishwa au kurefushwa ukalingana na gia boksi yoyote. Katika Pijo mti huo umo ndani ya bomba nene lililofungwa gia boksi upande mmoja na difu upande wa pili, na bomba hilo husaidia kulizuia difu lisijipindue gari linapovuta. Kuingiza injini ngeni ni kuligusa bomba, na kuligusa bomba ni kuusuka upya mgongo wote. Hivyo injini ya sentimita za ujazo 1971 ilibaki, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikapewa pistoni na ringi mpya.

Usasa uliingia kwa milango mingine. Mfumo wa zamani wa kutoa cheche uliondolewa, ukawekwa wa kielektroniki, na gari lililokuwa likihitaji maombi kila asubuhi ya baridi ya Julai likaanza kuwaka kwa mguso mmoja. Usukani, ambao mabega ya Mwalimu yalikuwa yameanza kuuogopa, ulisaidiwa na mota ya umeme iliyotolewa katika gari dogo la Kijapani lililogongwa. Mikanda ya usalama ilifungwa viti vyote, ya nyuma ikiwemo. Taa ndogo za LED ziliwekwa nyuma, ndani ya vioo vile vile vya zamani, ili zisionekane mchana. Vijana walipendekeza taa za buluu chini ya gari kama za matatu, na wakatazamwa kwa namna iliyowafanya warudi kazini.

Kiti cha nyuma nacho kilizua mjadala mfupi. Mshonaji alitaka kukivua kitambaa chake na kukivisha ngozi ya bandia ya rangi ya maziwa, kama ilivyokuwa katika picha. Mwalimu aliruhusu hivyo kwa viti vya mbele. Cha nyuma alisema kiachwe. Mshonaji alilalamika kuwa gari litaonekana kama mtu aliyevaa viatu viwili tofauti. Lilionekana hivyo, na liliachwa hivyo.

Turubai lilishonwa na mtu anayeshona mifuniko ya malori. Hapo pana ukweli mmoja wa Meru ambao wachoraji wa Turin hawakuhitaji kuufikiria: miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya hupata mvua nzito mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba mara nyingi ndiyo kali zaidi. Kwa hiyo lilishonwa tabaka mbili, likawekewa mifereji midogo pembeni ya kupeleka maji kwenye nguzo. Mwenye macho makali angesema kuwa lilikuwa nene mno kwa gari la fahari. Katika maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi tangu 1970, ambapo majaji huinama kukagua hata tumbo la gari, pengine lingepoteza alama. Mwalimu hakukusudia kulipeleka huko.

Lililobaki lilikuwa la karatasi. Sheria ya trafiki inataka mabadiliko ya namna hii yaandikishwe na gari likaguliwe, na fundi, ambaye hakuwa na subira na mambo mengi, alikuwa na subira na hili. Alijua kuwa gari lililokatwa bila kuandikishwa ni mtego kwa mwenyewe siku ya ajali. Mkaguzi alilizunguka Pijo mara tatu. Alipima breki, akatikisa nguzo, akachungulia vizingiti, akauliza nani alivichomelea. Kisha akaja swali la umbo la bodi. Je, liandikwe kuwa ni gari la kawaida la milango 4, au gari la wazi? Lilikuwa na nguzo zote na mihimili yote. Lakini lilikuwa halina paa. Walijadiliana kwa muda mrefu, kwa Kimeru, kwa Kiswahili na kwa lugha ya fomu yenyewe. Mwishowe liliandikwa kuwa la kawaida, na maelezo yakaongezwa kwa kalamu chini yake kwamba sehemu ya juu hufunguka.

Safari ya kwanza haikuwa ya harusi. Mwalimu alitoka alfajiri, akashika njia ya Nkubu, turubai likiwa limekunjwa. Bintiye aliketi nyuma, kwenye kiti kilichoachwa. Hakuwa amesema kwamba atakwenda. Alitokea tu akiwa amejifunga shali, akafungua mlango ambao ulifungika vizuri nyuma yake. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, kama ulivyo asubuhi nyingi, na kilele kilionekana kwa dakika chache tu kisha kikapotea. Wakati huo binti alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti akitazama juu.

Mvua za Oktoba zilipoanza, turubai lilivuja mahali pamoja, kwenye mshono ulio juu ya kiti hicho. Mwalimu alitaka kulirudisha Gakoromone. Bintiye alimwambia asijisumbue. Alichukua kipande cha tyubu kuukuu, gundi na brashi ya rangi, akapanda ndani ya gari akiwa amevaa sare yake ya kazi, akaanza kuliziba kwa ndani.